Mtamba wa Koko Nolari

Hapo zamani, na mtege masikio maana nitawauliza, palikuwa na shule nyikani. Watoto wote walikuwa wa wafugaji wa Kimaasai. Walimu wote walitoka milimani, kwenye migomba.

Siku ya kwanza watoto wakamwinamishia Mwalimu Ambakisye vichwa vyao vilivyonyolewa, awaguse, kama mtoto wa kwao anavyomwamkia mkubwa. Ambakisye, maskini, akadhani anaonyeshwa mapunye. Akakagua kichwa kimoja kimoja. "Sioni kitu," akasema, "lakini nendeni mkatibiwe."

Wakaenda, hawakurudi. Nani atarudi mahali alipokataliwa salamu? Madarasa yote yakabaki matupu, wilaya ikataka kuifunga shule.

Bi Sikitu, afisa elimu, akakataa. "Walimu wote hao, hata mmoja hajui salamu ya watoto?" Akagombana na wakubwa wake hadi wakakubali: kila shule iwe na walimu wa kwao na wa kwingine.

Akamleta Namnyaki, binti wa palepale, aliyekuwa akifundisha mjini, akikaa nyumba yenye umeme, mchumba wake akiwa jirani. Namnyaki akaviacha vyote. Akasimama mlangoni akigusa vichwa, na darasa lake likarudi lote.

La Ambakisye likabaki tupu. Basi mwalimu akashika njia, boma kwa boma, mpaka kwa Koko Nolari, bibi wa wote pale. Akamwinamishia upara wake. Bibi akamgusa, akacheka mpaka akashika kiuno. "Nawe una mapunye, mwanangu?"

Kesho yake shule ikajaa. Koko akaleta mtamba mwenye mimba. "Ni wa aliyewarudisha wajukuu zangu. Mmoja tu, na hachinjwi."

"Wangu," akasema Bi Sikitu. "Bila ugomvi wangu, humu darasani mngefungia mbuzi."

"Wangu," akasema Namnyaki. "Ugomvi haugusi kichwa cha mtoto. Mkono huu ndio uliogusa, na mchumba kaoa mwingine."

"Wangu," akasema Ambakisye. "Wewe umewarudisha wanaokupenda. Mimi nimewarudisha walionikimbia."

"Uliowafukuza mwenyewe," wakamjibu wote wawili.

Koko akamfunga mtamba kwenye mlingoti wa bendera, akaenda zake akicheka. Walipokuwa bado wanabishana, mtamba akazaa, na watoto wakaja na vibuyu vyao.

Haya, nyie mnaojua kuhukumu: nani alistahili kukamua?