Simu ya Wageni

Hapo zamani, si ile zamani ya majini na wafalme, bali ile ambayo shangazi zenu wanaikumbuka vizuri, palikuwa na vilima viwili vinavyotazamana, Kwembutu na Mzingi, na katikati yake bonde refu. Mtu wa Kwembutu akitaka kuongea na mtu wa Mzingi alipanda juu ya jiwe akapiga kelele. Kwa hiyo ukimposa binti wa ng'ambo, bonde zima lilijua. Ukikataliwa, lilijua kabla yako.

Akatokea Tunu, fundi redio, mwanamke wa maneno machache na bisibisi nyingi. Akavuta waya kutoka kilima hadi kilima, akafunga chombo huku na chombo kule, na sauti ikapita. Nchi nzima haikuwa na kitu kama hicho.

Lakini watu waliogopa. Walisema waya ule utabeba siri za ndani. Ndipo Kingazi, kaka yake Tunu, mtu anayeweza kumuuzia kitana mwenye upara, alipopita nyumba kwa nyumba. Kila nyumba akanywa chai, kila nyumba akaapa, akarudi na miguu imevimba na majina ya wateja mia mbili. Naye shangazi yao, Bi Mwanahawa, akatoa kiwanja chake ijengwe karakana, akawapikia mafundi arobaini wali na maharage kwa miaka saba bila kulalamika. Haya, bila kulalamika sana.

Kampuni ikashamiri. Watu walipigiana simu kutwa. "Hujambo? Watoto? Mama? Yule mbuzi mgonjwa?" Wakimaliza salamu, wamesahau walichopigiana. Na mgeni akiuliza ni nani aliyeijenga kampuni hii, alijibiwa kwa sauti tatu: "Ni mimi!"

Mwaka wa nane Tunu akatengeneza simu isiyo na waya, inayoenea kiganjani. Akaijaribu akiwa bondeni, akamsikia fundi mwenzake kule Mzingi akipiga chafya. Tunu akalia kwa furaha, akakimbia nayo kwa kaka yake.

Kingazi alikuwa ndiyo kwanza ameagiza nguzo mia tatu. "Mdogo wangu, simu bila waya? Mtu atajuaje kwamba imeunganishwa? Na hizi nguzo nizifanye nini, nizioe?"

Tunu akaipeleka kwa shangazi. Shangazi akajishika kifua. "Mwanangu! Kitu kizuri namna hii hakishikwi-shikwi ovyo. Hiki ni cha wageni." Akakifunika kwa kitambaa cha maua alichofuma mwenyewe, akakifungia kwenye kabati la vioo, kando ya vikombe ambavyo tangu vinunuliwe havijaonja chai.

Na Tunu? Angeweza kubisha. Angeweza kutengeneza nyingine. Tunu akasusa. Mwaka mzima alikaa karakanani ameupa mlango mgongo, na ukimuuliza jambo anakwambia, "Waulize wanaojua." Hata aliposikia redioni kwamba mjini wanajaribu simu kama yake, hakumwambia mtu. Wajionee wenyewe! Moyo ulimuuma, tusimcheke, lakini alisusa hasa.

Siku moja akaja mgeni, Bwana Semboja, mkurugenzi wa kampuni ya mjini. Shangazi akavaa kanga mpya, akafungua kabati, akakiondoa kitambaa taratibu. "Tazama, baba. Duniani ipo hii moja tu."

Bwana Semboja, mtu mwenye adabu zake, akatazama, akakisifia kitambaa. Mara mfuko wa koti lake ukalia.

"Na wewe unayo?" shangazi akauliza.

"Samahani, mama. Kwetu hata wauza vitumbua wanayo."

Mwaka haukwisha. Wateja wakahama, mafundi wakatawanyika, waya zikaanikiwa nguo, na nguzo za Kingazi zikawa kuni za kuivishia maharage. Mgeni akiuliza ni nani aliyeiangusha kampuni, alijibiwa kwa sauti tatu: "Si mimi!"

Tunu akabaki kutengeneza pasi za majirani, na kila akishika bisibisi machozi yalimlengalenga. Hakujua kazi nyingine, wala hakutaka kuijua.

Ndipo Bwana Semboja akarudi na ufunguo mkononi. "Karakana tumeinunua, sasa ni yetu," akasema. "Tutaifungua tena, mafundi warudi. Msimamizi nitachukua mmoja wenu, mmoja tu: yule aliyeijenga kampuni, si yule aliyeiangusha."

"Mikono hii ndiyo iliyotengeneza simu ya kwanza na ya pili!" akasema Tunu.

"Ukasusa!" wakamrukia wawili. "Ulijua ya mjini ukanyamaza!"

"Simu yako ingeongea na nani?" akasema Kingazi. "Wateja niliwatafuta mimi, kwa miguu hii."

"Ukaagiza nguzo!"

"Na mimi?" akasema shangazi. "Niliwapa kiwanja, nikawalisha. Mngetengeneza nini na njaa zenu?"

"Ukaifungia kabatini!"

"Niliitunza! Aliyeiona kuwa kitu cha heshima ni mimi peke yangu!"

Hapo Tunu akasema, "Nilisusa kwa sababu hakuna aliyeniuliza mara ya pili."

Kingazi akatazama viatu vyake. Shangazi akajifuta macho kwa pembe ya kanga. Lakini hakuna aliyerudi nyuma: mikono mitatu ilikuwa imenyooshwa mbele ya Bwana Semboja, naye akiitazama mmoja baada ya mwingine.

Basi nyinyi mliokaa hapa mnacheka, msiniambie washirikiane. Ameshasema mmoja tu, na mafundi arobaini wako njiani wanarudi. Semeni upesi, dereva wake amekwisha kuwasha gari: ufunguo apewe nani?