Maneno Uliyoyachukua Upepo wa Hububu

Hapo kale alikuwako Sultani Nuhumani, na mji wake mkuu ukiitwa Hububu, na upepo wa mji ule haukulala, vilemba vikiruka kama kunguru na watu wakitembea wameshikana mikono. Na mbali huko shamba, mwendo wa siku nyingi, alikaa Mshamu mshona makubadhi na mkewe Mwanashaha. Na Mwanashaha maskini hajiwezi, yuko kitandani, na tamaa yake ni moja tu, auone mji ule.

"Mume wangu, mimi siendi tena. Nenda wewe ukanitazamie, urudi unihadithie."

"Na ukifa mimi niko njiani?"

"Nife sijui hata mlango wa Sultani ulivyo? Nenda bwana, usinililie hapa!"

Akaenda. Kufika lango la mji, upepo ukambana ukutani, na ndani yake jini likasema: "Mwanadamu, mkeo kesho haioni."

Mshamu akapiga kelele: "Ewe jini, nifanyeje?"

"Tembea, tazama, useme. Kila utakalosema nitamfikishia sikioni saa hiyo hiyo. Lakini nikichukua nimechukua, kwako halibaki, utalisahau."

"Chukua!"

Basi akauzunguka mji wote kwa miguu, kilemba kimekwenda, macho yamejaa mchanga, na huku anasema: Mwanashaha, mlango wa Sultani una misumari ya shaba, kila mmoja kama kitumbua! Mwanashaha, kuna soko la ndege wasemao, na kasuku mmoja kaniita kichwa wazi! Mwanashaha, mnara unayumba, na muadhini kajifunga kamba! Na kila neno likitoka, akigeuka nyuma hajui alipopita.

Jua likichwa, mji ukaisha, na kwa furaha Mshamu akajisahau: "Na katika yote hayo, mke wangu, sijaona cha kukushinda wewe, na mwanya wako, na hina yako, na unavyonigombeza."

"Ewe mwanadamu," jini likasikitika, "na hilo pia?"

Neno lilikwisha kutoka.

Miguu ikamrudisha nyumbani, maana miguu haikusahau. Akakuta matanga hayajaondolewa, yanamngoja yeye, na mkwewe akamkumbatia: "Kafa anacheka, mwanangu! Katusimulia misumari, na kasuku aliyekutukana. La mwisho hakutuambia. Alijifunika uso kwa haya, akakata roho."

"Pole, mama," akasema Mshamu. "Marehemu ni nani?"

Habari zikamfikia Sultani, akamwita, akampa dhahabu, na akataka kumwoza binti wa waziri. Mshamu akainama: "Bwana wangu, wananiambia nilikuwa na mke. Niache kwanza nimkumbuke."

Mpaka anazikwa, alikuwa anajaribu.

Hekaya yangu imefika mlangoni, wajukuu. Mwenye mtu wake ndani, akamtazame.