Barua Iliyongoja Mbeya

Kuna fumbo nimelibeba siku nyingi bila kulitegua: barua iliyoandikwa Jumanne na mtu aliyezikwa Jumapili iliyotangulia. Hilo sina jibu lake. Nawaletea lile lililozaliwa nalo.

Tukuyu, kwenye mvua na radi, watu watatu walihudumia kampuni ndogo ya intaneti. Gwamaka alijua kupanga njia za barua. Lusajo alikuwa na sikio: akiinamia mtambo, alijua kama unaumwa. Subilaga hakuamini kitu kilichokaa mahali pamoja tu. Hata funguo za nyumba alikuwa nazo nne.

Wiki hiyo radi iliizima seva ya barua pepe. Lakini Gwamaka alikuwa amepanga tangu mwanzo kwamba barua ikikuta mlango umefungwa isirudi ilikotoka, ingoje kwenye seva ya akiba, Mbeya. Barua moja ikangoja.

Lusajo na Subilaga walikwenda Mbeya kuitazama seva hiyo. Lusajo akainama. "Diski inalia. Haifiki kesho."

"Mbona mimi sisikii kitu?"

"Wewe ulisikia nini lini, dada?"

Subilaga akachomeka diski nyingine. Akanakili barua zote, hadi ya mwisho. Alipochomoa waya, diski ikanyamaza moja kwa moja.

Seva ya Tukuyu ilipowaka, barua ikamfikia Sekela, mjane mwenye mtoto wa siku nne asiye na jina. Ilitoka kwa mumewe aliyezikwa Jumapili, na tarehe yake ilikuwa ya Jumanne:

"Mke wangu, huku ni ukungu mtupu. Mtoto usimpe jina langu. Mpe la aliyekufikishia barua hii."

Sekela akaja nayo ofisini, mtoto kifuani, mama mkwe nyuma yake.

"Saa ya simu yake ilikosea tarehe tu," alisema Lusajo.

"Simu niliiweka kwa mkono wangu mfukoni mwa suti yake, kabla ya jeneza kufungwa," alisema Sekela. "Niambieni, ni nani kati yenu aliyenifikishia?"

"Bila mimi ingerudi," alisema Gwamaka.

"Ingerudi wapi?" aliuliza Subilaga. "Na bila sikio la Lusajo na nakala zangu ingekufa na diski."

Mama mkwe alikuwa akimtazama mjukuu. "Mpe jina, mwanangu, kabla hajaitwa na wafu. Kama hamjui, muulizeni aliyeandika."

Ikaamuliwa hivyo. Sekela aliandika swali, Gwamaka akalituma. Sanduku la barua pepe la marehemu walikuwa wamelifunga siku ya maziko; barua ilipaswa kurudi papo hapo.

Haijarudi. Wala Mbeya haiko ikingoja.

Mtoto bado hana jina, na leo ameanza kugeuza kichwa kama anayeitwa. Wewe unayenisikiliza, ungekuwa umempakata, ungemwita nani?