Picha ya Jini Aliyelia Lulu

Katika mji wa Mansuriya, enzi ya Sultani Ghalibu bin Nadhiri, ilitolewa hazinani picha kuukuu ya rangi za mafuta ili inadiwe, na ndani yake mlikuwa na mwanamke wa kijini ameketi majanini, amenyoosha mikono kuelekea pembe iliyokuwa nyeusi tititi kwa masizi. Na ajabu yake ni kwamba jini yule alilia kweli, na kila chozi lake lilifika chini likiwa lulu. Lakini kilio kile kilimkosesha Sultani usingizi, ndipo akaamua kuiuza.

Zuwena, mjane aliyefanya usafi katika nyumba ya mnada na kulala humo humo na mwanawe, aliambiwa aifute vumbi. Alipokuwa akiifuta, mwanawe huyo, Nasra, aliyekuwa hajatimiza mwaka, akachungulia kutoka mgongoni, akaipungia mkono ile pembe nyeusi na kucheka, kama wachekavyo wachanga wakikutana. Zuwena akaitazama mikono ya jini, na vidole vilivyofunguka, na kifua kilichotangulia mbele. Naye mwenyewe alinyoosha mikono vivyo hivyo kila asubuhi alipomwinua Nasra.

Akamwendea dalali, Bwana Sudi, mtu mpole aliyekuwa akitundika joho lake dirishani ili jua lisimchome mtoto.

"Bwana Sudi, chini ya masizi yale kuna mtoto."

"Mama Nasra, usiniponze! Jini akinyamaza, nani atanunua? Sultani atatufukuza sote, nawe utalala wapi na huyu?"

Zuwena akarudi kufuta vumbi, ila moyo haukutulia.

Siku ya mnada Sultani aliketi mbele, na tajiri Jabali akapandisha dau hadi dinari elfu kumi, akasema kwa majivuno, "Nitamfungia sandukuni. Gizani atalia zaidi!" Na watu wakacheka.

Bwana Sudi akanadi, "Mara ya kwanza! Mara ya pili!" Kisha akakohoa. "Niwieni radhi, koo limekauka. Nipeni maji." Akanywa polepole, funda baada ya funda, kama mtu asiye na kiu hata kidogo, na macho yake yakamtazama Zuwena, aliyesimama kando ya picha.

Zuwena akaelewa. Akachovya pembe ya kanga katika mafuta ya nazi aliyokuwa akimpaka Nasra, akayafuta masizi, na pakatokea kisigino, na goti lenye kishimo, na uso wa mtoto mchanga. Jini akamnyakua mwanawe akampakata, na kilio kikakoma.

"Picha imeharibiwa!" akafoka Jabali. "Sinunui jini asiyelia!"

Sultani akasema, "Ewe mwanamke, umeuvunja mnada wangu. Una hoja gani?"

"Maulana, sina hoja. Nina mtoto."

Kabla Sultani hajajibu, jini akanena kutoka pichani, "Mchawi alitufunga humu, na alipoona machozi yangu ni lulu, akamfunika mwanangu kwa masizi. Miaka mia tatu watu wameokota lulu miguuni pangu, wala hapana aliyeniuliza nalilia nini."

Na likamtoka chozi la mwisho, la furaha, likawa lulu kubwa kama yai la njiwa, nalo likaangukia viganjani mwa Nasra.

"Yangu hiyo!" Jabali akaruka. "Dau langu lilikuwa la juu!"

"Hukuitiwa mara ya tatu," akasema Sultani. "Keti." Kisha akacheka hadi kilemba kikalegea, akasema, "Mama Nasra, tangu nirithi picha hii leo ndiyo nitalala. Lulu ni yenu, na picha pia."

Jini akainuka na mwanawe, wakatoka fremuni kama watokao mlangoni, wakatoweka, na pichani pakabaki majani yaliyolaliwa.

Haukupita mwezi Bwana Sudi akamwoa Zuwena kwa ngoma na pilau, na kwa lulu ile wakapata nyumba yenye dari refu, na picha ya majani ikatundikwa juu ya kitanda cha Nasra, ambaye asubuhi nyingine aliipungia mkono na kucheka peke yake.

Na mafunzo ya hekaya hii ni haya: umwonapo mtu analia, kabla hujainama kuokota chochote, muulize analilia nini.