Mtoto Aliyefungua Lango

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kama watu waliolala njaa? Paukwa!

Pakawa!

Haya, hivyo ndivyo. Ya leo haina sungura wala haina kicheko. Mwenye mtoto ampakate, asiye na mtoto amsogelee mwenzake.

Hapo zamani za kale, kale ile ambayo hata bibi yangu aliisikia tu, palikuwa na kijiji kilichozungukwa na ua wa miiba. Fisi walikuwa wengi, tena hawana haya. Kila jioni wanaume waliburuta tawi kubwa la mwiba, kwaru, kwaru, kwaru, wakaziba lango. Watu wakalala.

Humo aliishi Siwema na mumewe Makame, na binti yao Mashavu, mtoto wa umri wa kung'oka meno ya mbele. Makame akashikwa na homa. Homa haikumwachia. Akafa. Na desturi ya pale ilikuwa hivi: maiti akiwa ndani, watoto huondolewa. Mashavu akapelekwa kwa shangazi yake, ng'ambo ya kilima. Aliporudi, matanga yamekwisha, uwanja umefagiwa, baba hayupo.

"Mama, baba yuko wapi?"

"Baba kasafiri, mwanangu."

"Atarudi?"

"Atarudi."

Jamani, ulimi hauna mfupa! Siwema alisema hivyo siku ile, akasema na kesho yake. Mavuno yakaja, mavuno yakapita, bado anasema. Baba kasafiri. Atarudi.

Mtoto akageuka. Akiitwa haitiki, akiguswa anauma. Akavunja mtungi wa mama yake, pu! Akavunja na wa jirani, pu! Kisha likaja kubwa kuliko hayo. Asubuhi moja watu waliamka wakakuta tawi liko kando, lango wazi, mbuzi wamebaki kwato na damu. Wakaziba. Asubuhi nyingine, lango wazi. Wakauliza huku na huku, mwisho mtu akamshika Mashavu mikono, akaigeuza. Viganja vimechanwachanwa na miiba.

Wakamchapa. Hakusema kitu. Wakamchapa tena. Hakulia. Na lango likafunguliwa tena, safari hii fisi akafika hadi kizingitini mwa nyumba yenye mtoto mchanga.

Hapo Jumbe, mkuu wa kijiji, mzee wa mvi na maneno machache, akamwita Siwema mbele ya watu.

"Mwanao anatufungulia fisi. Kesho kutwa atapelekwa mbali, wala hatarudi hapa."

Wanawake wakanong'ona, "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo." Siwema akasikia. Alikwenda zake analia, akapitiliza nyumba yake, akafika kwa Bibi Chausiku, mkunga, mkongwe kuliko wote pale. Alimkuta anapepeta mtama.

"Shikamoo, Bibi. Wananichukulia mwanangu. Mpe dawa. Mfunge hirizi, mfunge chochote!"

"Marahaba. Dawa ya nini, nami ugonjwa siujui? Mlete. Na wewe ukae pale, ufunge mdomo."

Mashavu akaletwa, akagoma kukaa. Bibi Chausiku hakumbembeleza. Alijishusha chini, magoti yakalia ko, ko, akaanza kucheza mwenyewe mchangani. Magunzi yakawa watu. Madonge ya udongo yakawa nyumba. Vijiti vikawa ua. Jua likapanda. Mtoto akasogea kidogo. Jua likapanda tena. Akasogea tena. Bibi alipochomeka kijiti cha mwisho, Mashavu akaking'oa.

Siwema akataka kumkemea. Bibi akamtazama kwa jicho moja tu, naye akaacha.

"Hapo pana nini, mjukuu wangu?"

"Pasizibwe."

"Na fisi je?"

"Baba akirudi ataingilia wapi?" Mtoto hakuinua uso. "Nyie mnaziba kila siku. Labda alikuja, akakuta pamezibwa, akaenda zake."

Siwema akainuka.

Bibi Chausiku akamvuta kando. "Umesikia. Sasa mwambie."

"Bibi, mtoto huyu! Ataumia."

"Ameshaumia, tena peke yake. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Siku ile ulimchelea machozi, leo unalia wewe na wenye mbuzi."

"Basi mwambie wewe. Wewe una maneno."

"Uongo ulitoka kinywani mwako, na ukweli utoke humo humo. Mimi nitakaa karibu yako."

Siwema akasema, "Bibi, mtoto akisema baba atarudi, hapo tu ndipo na mimi huamini. Nikimwambia, Makame atakuwa amekufa kweli."

Bibi Chausiku hakumcheka wala hakumlaumu. Akamshika mkono muda mrefu. "Najua, mwanangu. Haya, twende."

Siwema akaketi mchangani, uso kwa uso na bintiye.

"Mashavu. Baba hakusafiri. Baba alikufa. Mimi nilikudanganya."

Mtoto akamkodolea macho. Kisha akamrukia kwa ngumi, pu, pu, pu, kifuani. Siwema akainua mkono, maana ndivyo alivyozoea.

"Usimpige," akasema Bibi. "Na usimwachie. Mshike."

Akamshika. Mtoto akapiga hadi nguvu zikamwisha, kisha likamtoka yowe, lile ambalo lingetoka siku ya msiba. Mama naye akalia, kwa mara ya kwanza mbele ya mwanawe. Walipotulia Mashavu akauliza nani alimzika baba, na kama alifunikwa vizuri. Siwema akamjibu yote, moja moja. Jioni wakaenda kaburini, Bibi akiwafuata na mkongojo wake.

Asubuhi lango lilikutwa limezibwa.

Siku ya kumpeleka ikafika. Watu wakakusanyika. Siwema alisimama mwenyewe, akaeleza yote, hakujificha. Bibi Chausiku akasema, "Mtoto hakumfungulia fisi. Alimfungulia baba yake. Mtoto huyu alipita milangoni mwetu kila siku. Nani kati yetu alimwambia kweli?"

Wote wakamtazama Jumbe.

Jumbe akainamisha kichwa. "Mimi," akasema, "nilipokuwa mdogo niliambiwa mama yangu kaenda kuteka maji."

"Mtoto huyu haendi popote."

Kisha yule mzee wa mvi akamgeukia Bibi Chausiku, aliyekuwa msichana mkubwa zama zile, akamwuliza kwa sauti ndogo, "Dada, walimzika wapi?"

Bibi Chausiku akainuka, akamshika mkono, akampeleka.

Naye Bibi ameshakufa, enyi wenzangu. Siku aliyokufa, watoto wote wa kijiji kile waliambiwa siku ile ile, na mama zao, kwa neno lenyewe: amekufa. Wakaruhusiwa kulia. Ndiyo desturi yao hata leo.

Basi mtoto akikuharibia, kabla hujashika fimbo, kaa chini naye umwulize kinachomsumbua, na akikuuliza wewe, mjibu kweli. Hadithi yangu imeishia hapo. Na aliye na neno alilomficha mwanawe, amwambie leo.