Gari Moja Tu Kivukoni Ibanza

Hapo zamani, siku ambazo kivuko cha Ibanza kilikuwa na pantoni moja na kila mtu wa ng'ambo ya ziwa alitaka kula Krismasi kwao, alikuwepo mwanamke aliyeitwa Sekunda. Kazi yake ilikuwa kusimama getini na kuyaruhusu magari yaingie kwenye pantoni. Hakuwa hakimu. Gari la mbele liliingia, la nyuma likasogea, basi. Sheria ya pale ilikuwa fupi na madereva wote waliijua: nafasi kwenye foleni hushikwa na gari, haishikwi na mdomo.

Mkesha wa Krismasi mwaka ule foleni ilianzia majini, ikapanda kilima, ikapita sokoni, ikaishia huko ambako ziwa halionekani tena. Njia ya kuzunguka ilikuwa imekatwa na mvua. Aliyetaka kufika ng'ambo ilimlazimu apite mbele ya Sekunda.

Karibu na geti alikuwepo mzee Masatu na pikapu yake. Alifika mapema, magari machache tu yakimtangulia. Kesho yake binti yake alikuwa anaolewa, huko huko ng'ambo, baada ya misa. Alikuwa na mkewe na shangazi wawili wa bibi harusi, na nyuma ya pikapu kulikuwa na masufuria ya pilau na godoro jipya la maharusi.

Jua lilipoanza kuchoma, mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza mahindi ya kuchoma kando ya foleni alishikwa na uchungu wa kuzaa. Zahanati ilikuwa mbali, kule magari yalikotoka. Watu wakaulizana nani atatoa gari. Madereva wakatazama usukani. Masatu akawashusha wanawake wake, akalitandaza godoro la harusi, shangazi mmoja akanung'unika, na yule mama akalazwa juu yake.

Kabla ya kuondoka, Masatu alimwuliza Sekunda kama atakuta nafasi yake. Sekunda akamkumbusha sheria, kisha akasema, "Gari la nyuma yako likikubali kuacha pengo, nami nitalitambua hilo pengo kuwa lako."

Gari la nyuma lilikuwa la Adventina. Kwenye kiti cha nyuma alikuwa amemlaza mama yake mzazi, ambaye hospitali ilikuwa imemruhusu kwa kuwa haikuwa na la kumfanyia zaidi. Bibi yule aliomba jambo moja tu, afie nyumbani kwake. Adventina alimtazama muuza mahindi akigumia kwenye godoro, akasema, "Nenda, baba. Nitakushikia."

Mchana pantoni ikaja, ikapakia yale magari ya mbele, ikabakiwa na nafasi moja. Sasa lile pengo lilikuwa mbele kabisa, na Adventina nyuma yake. Sekunda akamwambia aingie yeye, mama yake ni mgonjwa. Adventina akauliza nani atalishika pengo akiingia yeye. Dereva aliyemfuata akacheka, akasema asitegemewe yeye. Basi Adventina akakataa kusogea, na yule aliyecheka akampita pembeni akavuka. Mama yake akauliza kwa sauti ndogo mbona wengine wanakwenda. Akamjibu kwamba wanamngoja mtu. Waliokuwa nyuma wakapiga honi, wakamtukana, mmoja akakipiga teke kioo cha pembeni kikakatika. Hakusogea.

Jioni ilipokaribia pantoni ilirudi ikifuka moshi. Mkanda wa injini ulikuwa umekatika. Nahodha Kaijage akaipanda foleni kwa miguu, akifungua boneti moja baada ya nyingine, na kila mkanda ukawa mfupi. Mpaka akafika mwisho kabisa, kwa Lubango, dereva wa lori dogo, aliyekuja saa ile ile. Lubango alikuwa na watoto wa shule ya bweni waliokosa basi, na wazazi wao walikuwa wakiwangoja ng'ambo.

Mkanda wake ulifaa. Lubango akasema, "Nikiutoa, lori langu halitembei. Nipe neno lako kwamba mimi nitavuka." Kaijage akampa neno lake, watu wakisikia. Mkanda ukafungwa, na vijana wakalisukuma lori kuteremka kilima hadi getini.

Injini ikawaka. Kaijage aliisikiliza kidogo, akatikisa kichwa. Mkanda ulikuwa mwembamba. Mzigo mkubwa ungeukata katikati ya maji. Angechukua gari moja na watu wake tu, hata mtembea kwa miguu asingeongezwa, wala pantoni isingerudi mpaka mkanda mwingine upatikane baada ya sikukuu.

Hapo ndipo Masatu alipotokea. Muuza mahindi alikuwa amejifungua salama, mtoto wa kike. Masatu akaingiza pikapu yake kwenye pengo. Nyuma yake Adventina, ubavuni lori la Lubango. Wote wakamtazama Sekunda.

Masatu akasema, "Ulisema ungelitambua pengo, na pengo ndilo hili. Kesho padri atauliza baba wa binti yuko wapi. Mtu akitoka kumsaidia mwenzake, halafu akirudi akute amepokonywa, siku nyingine nani atatoa gari lake?"

Lubango akasema, "Mzee, bila mkanda wangu hakuna nafasi ya kugombea. Nimefika wa mwisho, sikatai. Ila nina neno la nahodha, lori langu limebaki chuma, na ndani mna watoto wa watu."

Kaijage akakiri kwamba ni kweli, alimpa neno.

Ndipo Sekunda akamwuliza Adventina.

"Mimi sikuahidiwa na mtu," akasema. "Baba aliahidiwa, kaka huyu ameahidiwa. Mimi niliahidi, nikatimiza. Mchana nafasi ilikuwepo nikaiacha. Saa hizi mama angekuwa kwake."

Masatu hakuwa akilijua hilo. Akamtazama mkewe, naye akaitikia kwa kichwa. Masatu akazima injini ya pikapu, lakini hakushuka.

Sekunda alisimama pale. Alikuwa amempa Masatu neno lake, na alikuwa amemwona Adventina akiiacha nafasi mbele ya macho yake. Alijua pia kwamba pantoni ilikuwa inanguruma kwa mkanda wa Lubango. Kila mmoja alipokuwa akisema, alimwona yeye ndiye mwenye haki, mpaka mwingine alipofungua mdomo. Watu wa foleni nao wakagawanyika mafungu, wakibishana kwa sauti ya chini kwa sababu ya mgonjwa. Kaijage akamwambia upepo unaanza, achague.

Akachagua. Gari moja liliingia, mlango wa pantoni ukainuliwa, na magari mawili yakala Krismasi mchangani. Wasimulizi wa Ibanza hawapatani ni lipi lililovuka, na Sekunda mwenyewe akiulizwa hujibu kwamba yeye huyakumbuka yale mawili yaliyobaki.

Basi nanyi mliosikiliza, msimtupie Sekunda mzigo peke yake. Mzee Masatu, Adventina, au Lubango: ni nani hasa aliyestahili kuvuka?