Boga la Wasio na Meno

Hapo zamani za kale, kwenye mlima mmoja wenye... Mnacheka nini? Kofia? Ndiyo, kofia yangu imepotea, nimeshawahoji nyote, na mmoja wenu nimeshamwita mwizi. Iko wapi? Nimeikalia? Aa! Nimezunguka mpaka nchi ambazo mvua huanguka ikiwa nyeupe, sikupotea hata siku moja, leo nimeshindwa na kofia iliyo chini ya makalio yangu. Samahani, wewe niliyekuita mwizi. Njoo ukae hapa karibu. Hadithi hii ni yako.

Hapo zamani za kale, basi, kwenye mlima mmoja wenye baridi ya kugonganisha magoti, wanyama walikuwa na nyumba zao, vyungu vyao na ugomvi wa majirani, kama sisi tu. Nyumba kubwa kuliko zote ilikuwa ya Mzee Tembo. Ndani yake kulikuwa na moto ambao haukuzimwa msimu mzima wa baridi.

Ilipofika Sikukuu ya Baridi, kila nyumba ilipeleka chungu kimoja cha chakula kwa Mzee Tembo. Huruhusiwi kula chako. Unakula cha mwenzako. Chungu kikiisha kabla ya vingine, mwenye chungu anamchagua mtu wake mmoja, akae kando ya moto ule mpaka jua lirudi.

Utaratibu mzuri, sivyo? Lakini Bwana Nyati na Bwana Fisi walikuwa wameshapatana chinichini.

"Mwaka huu mimi nakimaliza chako," alisema Nyati.

"Na mwakani mimi nakimaliza chako," alisema Fisi, wakapeana mikono.

Basi nafasi ile ilitoka kwa Nyati ikaenda kwa Fisi, ikatoka kwa Fisi ikarudi kwa Nyati. Wanyama wadogo walirudi makwao na vyungu vimejaa, vimepoa.

Sasa palikuwa na pimbi mmoja aitwaye Kidawa. Pimbi mnamjua: ukimwona kwa mbali utadhani ni sungura aliyesahau kuvaa masikio. Kidawa aliishi kwenye ufa wa mwamba na bibi yake, Bibi Sikujua, aliyemlea tangu macho hayajafunguka. Mwaka ule Bibi alishikwa na kikohozi. Koho! Koho! Kidawa alijilaza miguuni pake ampashe joto, lakini pimbi mmoja ana joto kiasi gani?

"Bibi, mwaka huu utakaa kwenye moto wa Mzee Tembo."

"Mimi? Labda wanichome."

"Bibi!"

"Haya, nimenyamaza. Koho!"

Kidawa aliugusa mgongo wa bibi yake, akaukuta mwembamba kama kijiti. Akajua kwamba baridi ile, bila moto, Bibi haimalizi.

Nyumbani walikuwa na boga moja tu, lakini boga hasa, gumu kama jiwe. Kidawa alilibiringisha, biri, biri, biri, mpaka mlangoni kwa Bwana Nyati.

"Shikamoo, Bwana Nyati. Nimepita tu. Namtafuta Fisi anipasulie boga langu."

"Marahaba. Fisi? Kwa nini Fisi?"

"Nasikia pembe zako siku hizi ni za kutundikia nguo."

"Nani kasema?"

"Mimi ni mdogo, Bwana, siwezi kutaja watu."

Nyati akarudi nyuma, akakwaruza ardhi kwa kwato, akaja. Pwaaa! Boga likapasuka vipande.

"Za kutundikia nguo, eh?"

"Nitawaambia wote nilichokiona, Bwana."

Kidawa akapita chini ya mitufaha ya Mzee Tembo, akaokota matufaha yaliyoanguka yenyewe, yale yaliyodonolewa na ndege. Akayakatakata, akayapanga chunguni: safu ya boga, safu ya matufaha, asali, mdalasini kidogo, tena boga, tena matufaha. Halafu akakipeleka chungu uani kwa Mzee Tembo, mahali wote walipokuwa wakipika. Akakibandika juu ya makaa. Akafunika. Kisha akachota makaa mengine mekundu, akayamwaga juu ya kifuniko.

Ua mzima ukaangua kicheko.

"Hi-hi-hiii!" Fisi alijishika mbavu. "Jamani, njooni muone! Pimbi anapika kifuniko!"

"Wewe mtoto," alisema Nyati, "hakuna aliyekwambia chakula kinakaa ndani?"

Kule wote walikuwa watu wa kuchemsha. Mahindi wanachemsha, maharage wanachemsha, na wakikosa la kufanya wanachemsha maji. Moto juu na moto chini hawakuwahi kuuona. Kidawa alikaa kando ya chungu, mikono mapajani, akingoja.

Harufu ikaanza kutoka. Ilianza polepole, ya asali inayoungua pembeni. Halafu ikaja ya matufaha, halafu mdalasini. Kicheko cha Fisi kikafia puani. Snf. Snf-snf.

"Kidawa, mwanangu," alisema kwa sauti ya kilemba cha ukoka. "Hicho ni nini?"

"Aa, Bwana Fisi, hiki hakikuhusu. Ni chakula cha wasio na meno."

"Cha nani?"

"Wazee wasio na meno. Boga limelainika mpaka linayeyuka lenyewe, na matufaha yamegeuka asali. Wenye meno yao hawali. Ni mwiko. Tena nakuomba, usikisogelee hata kunusa."

Nyati alikuwa ameshasogea. "Mwiko kabisa?"

"Kabisa, Bwana. Nyinyi mna maharage yenu mazuri pale."

Wakayatazama maharage yao. Maharage yakawatazama.

Mzee Tembo akapiga tarumbeta ya mkonga, prrraaa! Sikukuu ikaanza. Vyungu vikapangwa kwenye mkeka. Kidawa akaondoa makaa, akafunua. Juu boga lilikuwa la kahawia linalong'aa, na pembeni linachemka kidogo, pwe, pwe, pwe. Akachota kipande kimoja, akakifunga kwenye jani, akampelekea Bibi aliyekaa nyuma kabisa, karibu na mlango, penye upepo, akile mshindi akishatajwa. Akarudi akasimama kando ya chungu chake.

"Karibuni," alisema. "Wasio na meno tu."

Kisha Fisi akaja amejifunika shuka mpaka puani, midomo ameikunja ndani.

"Fikamoo," alisema. "Nipe kidogo. Mimi fina meno kafisa."

"Pole sana! Yamekwenda wapi, Bwana Fisi?"

"Yameanguka. Afufuhi."

Kidawa akampakulia. Fisi akala, macho yakamtoka, akarudisha kibakuli kabla hajameza. Nyuma yake akaja Nyati, amejifunga kitambaa kwenye taya.

"Na mimi," alinguruma. "Yote yameng'oka. Nilipiga foga."

Kidawa nusura acheke. Alimeza kicheko chake kwa shida, maana aliisikia koho, koho, ikitoka mlangoni, akakumbuka kilichomleta.

Mara foleni ikawa ndefu. Mbega hana meno, Swala hana meno, watoto wa Ngiri, waliokuwa wakitafuna mihogo mibichi muda huohuo, hawana hata jino moja. Ua mzima unasema "fikamoo" na "afante". Na Fisi alirudi mara ya pili, akiwa ameyang'oa meno yale yale upya.

Ngo! Ngo! Kijiko kikagonga chini ya chungu.

"Kimekwisha," alisema Mzee Tembo. Akavichungulia vyungu vingine. Maharage ya Fisi yalikuwa hayajaguswa. Ya Nyati yalikuwa yamejaa mpaka ukingoni. "Cha Kidawa kimekwisha kabla ya vyote."

"Hapana!" Nyati alikivuta kitambaa tayani, meno yote yakang'aa. "Ametudanganya! Ametutega!"

"Amekutega vipi?" aliuliza Mzee Tembo. "Mtoto amesimama pale anakukataza kula, mimi mwenyewe namsikia. Wewe umekula?"

Nyati akafungua mdomo. Akiri kwamba amekula, basi chungu kimekwisha kihalali. Akatae, asali iko kwenye kidevu. Akakirudisha kitambaa tayani.

"Kidawa," alisema Mzee Tembo, "mtaje mtu wako."

Sauti ya Kidawa, iliyowatania wakubwa siku nzima, sasa ilikuwa ndogo. "Bibi yangu, Mzee. Ana baridi."

Mzee Tembo hakungoja. Alikwenda mwenyewe mlangoni, akamnyanyua Bibi Sikujua kwa mkonga, polepole kama anabeba yai, akamweka kando ya moto. Kidawa akamfunika miguu. Bibi akalifungua lile jani, akala boga lake, akafumba macho. Kikohozi kikatulia kidogo, kisha kikatulia zaidi.

Ndiyo maana nawaambia, wanangu: mwenye nguvu akikunyima haki yako, usimbembeleze aichukue sahani yako, mkataze.

Fisi peke yake hakuridhika. Akazunguka, akainama mbele ya Bibi, akamchungulia mdomoni.

"Bibi, hebu sema kweli. Wewe huna meno?"

"Ninayo mawili," alisema Bibi. "Sogea, unanizibia moto."